Mwalimu wa Vitu Vyepesi

Mwalimu alichukia uzito. Hakuwa na sanduku hata moja. Alisafiri na mfuko wa nailoni, ndani yake shati, taulo dogo na Biblia aliyoitoa Agano la Kale akaliacha nyumbani, kwa sababu, alisema, mtu anayekwenda Homa Bay kulala siku mbili hana haja ya kubeba Mambo ya Walawi. Mchungaji alipopata habari alimsema mbele ya kanisa zima. Mwalimu akasimama, akakiri, akaketi. Jumapili iliyofuata akaja na kipande chake kile kile kwapani.

Nimemjua miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi wake, halafu kama mtu aliyekuja kunisumbua katika saiba yangu, duka la intaneti na fotokopi pale Migori mjini, na sasa sijui nimwite nani wangu. Ningependa kuandika juu yake kwa furaha tu. Vichekesho vyake ni tele, na nimeanza navyo mara kadhaa, lakini kila nikifika mahali fulani nakwama, kwa sababu nilimjua pia mtu mwingine, mchimbaji kutoka Kehancha, ambaye yuko kaburini kwa jambo ambalo Mwalimu alilijua akanyamaza. Kwa hiyo nitaandika yote mawili, na atakayeona namkosea heshima mzee wangu anisamehe au asinisamehe.

Darasani neno lake lilikuwa moja: punguza. Alitufundisha Jiografia na Kiswahili katika sekondari moja nje kidogo ya mji, na madaftari yetu yalirudi yamejaa neno hilo kwa wino mwekundu. Niliwahi kumwandikia kurasa nne kuhusu mvua. Alikata, akakata, ikabaki aya moja. "Sasa inanyesha," akaniambia. Nilimchukia muhula mzima, halafu nikagundua kwamba siwezi tena kuandika hata barua ya kuomba ruhusa bila kujiuliza ni lipi la kuondoa.

Alikuwa pia na mchezo ambao wageni waliudhania wazimu. Alichora ramani ubaoni akakosea makusudi. Aliiweka Sori mahali pa Mbita, au akaupeleka Mto Kuja ukamwagikie Tanzania, kisha akageuka, akafuta mikono, akangoja. Aliyenyoosha mkono na kumsahihisha alipewa karanga kutoka mfuko wa koti. Darasa likinyamaza, chaki iliwekwa chini, na Mwalimu akatoka nje. Tulimsikia kwenye korido akisema peke yake, "Wananiona nimepotea na wananitazama tu." Alichukia ukimya wa heshima kuliko matusi. Mimi nilikula karanga zake nyingi.

Ndiyo maana nilishtuka siku ya kwanza kumwona mbele ya mjomba wake.

Mjomba huyo, kaka ya mama yake, alikuwa mwenye shimo katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike, na wa kwanza kati ya wote waliobaki pale. Wenye mashimo wengine walikuwa wamemkuta. Alikuwa mzee mkavu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua kali, na alizungumza polepole kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumkatiza. Mwalimu alimwita nera, mjomba wangu, na akishalitamka neno hilo alikuwa mtu mwingine. Aliketi kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, sauti chini. Mzee alisema kwamba Kisumu iko karibu zaidi kuliko Kisii, na Mwalimu wa Jiografia akatikisa kichwa kukubali. Nilitoka nje kwa sababu niliona aibu kwa niaba yake.

Ni mjomba aliyemsomesha. Hilo alinieleza baadaye, bila kuulizwa, tukitembea kurudi barabarani: kwamba baba yake alipofariki ni nera aliyeuza ng'ombe ili yeye aende chuo cha ualimu, na kwamba binti wa mzee aliacha shule mwaka huo huo. "Kwa hiyo Kisumu iko karibu," akasema. Tulicheka, na mimi nikaona nimemwelewa.

Tabia zake nyingine zilikuwa ndogo ndogo. Chai alikunywa kwenye glasi, bila sukari, aone rangi. Hakupenda kupiga simu lakini akipigiwa alipaza sauti mpaka wateja wangu wakageuka. Aliwaogopa bata. Alisema maombi marefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, yeye wa punguza, na nilipomchokoza alijibu kwamba Mungu hana shida ya nafasi. Alistaafu bila sherehe, akajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na machimbo, akaanza kufuga kuku. Hakuwa na mpango wowote wa kompyuta.

Kilichomleta kwangu ni kifo. Mvulana mmoja ambaye Mwalimu alimfundisha, na sasa alikuwa baba wa watoto, alichimba shimo jipya akatoboa ukuta wa shimo la zamani lililojaa maji. Ardhi ya pale imetobolewa tangu enzi za Wazungu, na mashimo yanapita chini kwa chini mpaka hakuna ajuaye yote. Ila kila mtu anajua kidogo. Huyu anajua shimo la baba yake linaelekea wapi, yule anajua ni lipi lina hewa mbaya, mwingine anakumbuka lililofungwa kwa mabati na udongo juu. Hawaambiani, kwa sababu ukimwambia mwenzako shimo lako linaelekea wapi umemwonyesha dhahabu iko wapi.

Mwalimu aliingia saiba asubuhi, vumbi la maziko bado liko kwenye viatu vyake, akasimama mbele ya meza yangu.

"Nyathina, mwanangu, watu wanakufa kwa jambo ambalo jirani yao analijua. Nataka mahali pa kuliandika. Mtu yeyote aandike, mtu yeyote asahihishe. Kitu kama ubao wangu, lakini usiofutwa na mvua."

"Unataka wiki, Mwalimu."

"Sijui jina lake. Unaweza kunitengenezea?"

Nilimweleza kwamba wiki ni tovuti ambayo anayeisoma anaweza pia kuiandika, na kwamba ndiyo, naweza. Nilikuwa na majivuno ya mtu aliyesoma diploma. Tulikodi seva ndogo kuliko zote zilizokuwepo, kwa jina lake, mashine iliyoko ng'ambo sijui nchi gani, yenye memori pungufu ya simu yangu ya mkononi. Juu yake nikaweka programu ile kubwa ya wiki ambayo kila mtu anaifahamu, pamoja na databesi yake. Ilikaa vizuri mradi haikuguswa. Watu watatu wakiifungua kwa pamoja, memori iliisha, na seva yenyewe ikaiua databesi ili ipate kupumua. Nikaiwasha, ikafa. Nikatenga sehemu ya diski iisaidie memori, na sasa haikufa ila ukurasa mmoja ulichukua muda wa kunywa chai. Mwalimu aliketi pembeni yangu na glasi yake akitazama.

"Umeingiza ng'ombe katika nyumba ya kuku," akasema. "Punguza."

Kwa hiyo nikapunguza. Nilitafuta mpaka nikapata programu nyepesi isiyotaka databesi kabisa. Yote ilikuwa faili chache tu. Unazipakia kwenye seva, unaipa folda moja ruhusa ya kuandikwa, na kila ukurasa unakuwa faili ya maandishi matupu ndani ya folda hiyo. Mimi nikasahau ile ruhusa. Mwalimu akachapa ukurasa wa kwanza kwa vidole viwili, saa nzima, akabonyeza kuhifadhi, ukapotea wote. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akatoa miwani, akachapa tena, na safari hii ukawa mfupi zaidi na bora zaidi.

Aliingia katika kazi hiyo kama mtu aliyeokoka. Picha alikataa, ni nzito. Rangi alikataa. Kujiandikisha na paswadi za watumiaji alikataa, kwa sababu mchimbaji hawezi kukumbuka paswadi akiwa na matope mpaka masikioni. Ukurasa ulifunguka kwenye simu mbovu kuliko zote, yenye bando la mwisho la mtu, kabla hujapepesa jicho. Kitu kimoja tulibishania. Programu ile iliweza kutunza historia, yaani kila badiliko na lililokuwepo kabla yake, na mimi nilitaka itunze. Yeye alisema diski itajaa. Nilimwonyesha kwamba haitajaa upesi. Akasema, "Kutunza makosa ya watu ni kutunza kinyongo. Mtu akisahihisha, kosa liende zake." Nikaizima. Baadaye akabadilisha paswadi ya seva ibaki kwake peke yake, ili likitokea la kutokea, alisema, lawama isinifikie mimi. Niliona ni upendo. Naamini bado kwamba ulikuwa upendo.

Wiki ikakaa tupu.

Tulipita machimboni kutoka kundi hadi kundi kuonyesha jinsi ya kuandika. Watu walisikiliza vizuri, wakafungua, wakasifu, wakarudisha simu mfukoni. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha. Nilidhani ni uchoyo wa dhahabu tu, mpaka mwenye shimo mmoja alipotuambia waziwazi, akishangaa kwamba mtu wa umri wa Mwalimu anahitaji kuambiwa.

"Mkubwa hajaanza. Sisi tutaanzaje?"

Kwetu Wajaluo kupanda kuna utaratibu. Mvua ikinyesha, mkubwa wa boma ndiye anayetoa mbegu kwanza, tunaita golo kodhi, ndipo wadogo wanapanda kwa zamu zao. Ukimtangulia umejitakia mabaya wewe na watoto wako. Hakuna aliyesema utaratibu huo unahusu tovuti, lakini miguu ya watu wote pale iliujua. Wa kwanza alikuwa mjomba. Mpaka mjomba aandike shimo lake, wengine wangengoja hata wazame.

Basi Mwalimu akaenda kwake na laptopu yangu, na mimi nikaenda naye na betri ya ziada kwa sababu ya chaji. Mzee aliongea kwa Dholuo, Mwalimu akichapa kwa Kiswahili ili na wasiojua Dholuo wasome. Shimo langu linaelekea mlimani, akasema mzee. Upande wa mto sikuugusa. Ni mkavu, ni mwamba mtupu, hauna kitu. Mwalimu aliacha kuchapa kidogo, akarekebisha miwani, akaendelea. Nililiona hilo nikadhani anatafuta herufi.

Siku ile ile wa pili akaandika, halafu wa tatu, kwa mpangilio wa ukubwa wao, na wiki ikajaa. Mashimo yenye maji, mashimo yenye hewa mbaya, kuta za kutoaminiwa. Mengi yalikuwa kweli, hilo nitalitetea mbele ya yeyote. Watu walisahihisha kurasa za wenzao wa rika moja, wakachokozana humo humo, na Mwalimu akawa anakuja saiba anasoma kwa sauti kama anasoma magazeti. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Ukurasa mmoja tu haukuguswa na mkono wa mtu yeyote.

Wakati huo ndipo alipokuja Chacha, yule mchimbaji wa Kehancha. Alitaka fotokopi ya kitambulisho, akaona wiki kwenye mashine yangu, akaitambua.

"Dada, ni wewe umetengeneza hii kitu ya mashimo?"

"Ni Mwalimu. Mimi nilisaidia tu."

"Mwambie asante sana. Sisi tumetoka Kehancha, hapa hatujui mtu. Ukiuliza mtu shimo yake inaenda wapi, anakuangalia kama umeomba bibi yake." Tukacheka. "Lakini hii haina uchoyo. Inaniambia tu. Asubuhi kabla tushuke nasomea vijana, kila siku."

Alikuwa kijana mpana, mcheshi, mwenye simu iliyopasuka kioo ambayo aliifunga kwa mpira wa rangi nyekundu. Aliacha mashamba ya tumbaku ya baba yake kwa sababu ya kikohozi, alisema, na akaja kuvuta vumbi la mawe badala yake. Alipenda kujicheka. Nilimpenda, kama unavyompenda mteja anayekufanya uone kazi yako ina maana. Sikujua usomaji wake huo ulikuwa mgeni kiasi gani pale. Wenyeji walikuwa wanaandika wiki, lakini hawakuisoma, maana yaliyomo waliyajua tayari. Waliokuwa wakiisoma kwa kuitegemea ni wale ambao hakuna mtu aliyewaambia kitu.

Nilimkutanisha na Mwalimu mimi mwenyewe, pale pale saiba. Mwalimu akamnunulia chai, akamwuliza habari za Kuria, milima, mito, kama anavyouliza mwalimu wa Jiografia. Wakaelewana mara moja. Halafu Chacha akatoa simu yake, akafungua ukurasa wa shimo la mjomba.

"Mwalimu, tunataka kufungua yetu hapa, hii upande ya mto. Iko sawa?"

Mwalimu alitazama glasi yake. "Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa ni kavu."

"Basi," akasema Mwalimu, "si umesoma."

Chacha akamshukuru, akasimama, akampa mkono kwa mikono yote miwili kama mtu anayepokea. Alilipia mandazi yetu kabla hatujamzuia. Mimi nilikuwa nahesabu chenji ya mteja mwingine, na yale maneno yakapita masikioni mwangu kama maneno ya kawaida.

Walichimba wiki kadhaa. Jumanne moja walitoboa, na maji yakaingia yote kwa pamoja. Wawili waliokuwa juu kwenye winchi waliponea hapo hapo walipokuwa. Chacha na mwenzake walikuwa chini. Pampu zilifanya kazi wiki nzima, na kaka yake akalala palepale kwenye mchanga, hataki chakula cha mtu. Walipotolewa nilikuwepo. Sitaandika nilichokiona.

Nililia mbele ya watu. Kando yangu alisimama mama mmoja anayeosha mchanga wa dhahabu, mama mkarimu ambaye alikuwa amempa kaka wa Chacha blanketi. Akanishika bega.

"Pole nyar Migori, binti wa mjini. Na hiyo maji si sisi wote tulijua? Mzee alichimba kuelekea mto tangu zamani."

Nilimgeukia. "Mlijua?"

"Nani hajui?"

"Na kwa nini hamkusahihisha? Ule ukurasa uko wazi kwa kila mtu!"

"Asahihishe nani? Mwenye shimo ameshasema. Mimi nianze kuandika mzee ni mwongo?"

"Ungewaambia tu kwa mdomo, mama."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Hawakuniuliza. Walikuwa na simu yao."

Nikarudi mjini, nikafungua ukurasa, nikaufuta, nikaandika upya: Shimo hili lilichimbwa kuelekea mto. Limejaa maji. Watu wawili wamekufa hapa. Usichimbe upande wa mto. Kesho yake asubuhi maneno ya mzee yalikuwa yamerudi, yale yale, upande wa mto ni mkavu. Niliandika tena. Yakarudi tena. Historia tuliizima, kwa hiyo hakuna namna ya kujua ni nani. Nikadhani ni wana wa mzee, na hasira yangu yote nikaielekeza huko. Nilimwendea Mwalimu nikamwomba, kwa kuwa paswadi ni yake, aandike ukweli kisha aufunge ukurasa huo usiguswe.

"Wiki ni ya wote," akasema. Alikuwa anawalisha kuku na hakugeuka.

Baada ya hapo alizeeka ghafla. Alipatwa na kiharusi kidogo, mkono wa kushoto ukalegea, na bintiye akamchukua akakae kwake Homa Bay, nje ya mji, upande wa barabara ya kwenda Rodi Kopany. Mjomba naye akafariki, amelala kitandani kwake, umri umemtosha. Kwenye maziko Mwalimu aliletwa kwa gari, akashikiliwa asimame, akazungumza muda mrefu sana. Alimsifu nera wake kwa mambo yote na hakupunguza hata moja. Nilikaa nyuma nikatazama viatu vyangu.

Nikangoja matanga yaishe, nikaenda Homa Bay kumwona.

Nilimkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, simu mkononi. Alifurahi kuniona, kweli alifurahi. Aliuliza habari za saiba, akaniuliza kama bado mashine ya fotokopi inakula karatasi. Bintiye akaleta chai, yake kwenye glasi. Niliona nikichelewa nitashindwa.

"Mwalimu, mzee amepumzika sasa. Naomba turekebishe ule ukurasa. Ile waya waliyozungushia shimo baada ya vifo imeshaibwa, na watu wameanza kurudi. Niambie tu anayerudisha ni yupi kati ya wanawe, nikaongee naye."

"Wanawe hata kuufungua hawajui." Alikunywa chai kidogo. "Ni mimi."

Niliweka kikombe changu chini. Kuku wa bintiye walipita mbele yetu.

"Ulijua lini?" nikauliza.

"Nilijua nikichapa. Nilipokuwa mdogo nilimpelekea uji kule chini. Tulikuwa tunakula tukiusikia mto juu ya vichwa vyetu."

"Na Chacha alikuuliza. Alikuuliza mbele yangu."

"Aliniuliza."

"Mwalimu, kwa nini?"

Alikuwa na jibu, na najua alikuwa amelibeba peke yake muda wote huo. "Nikiandika pana maji, nimeandika nera ameua watu. Itakaa hapo mtu yeyote aisome. Wajukuu wake wataisoma, ndugu za wale marehemu wataisoma. Yule mtu alichukua shule ya binti yake akanipa mimi. Nimlipe hivyo?"

"Amekufa."

"Ndiyo sababu. Akiwa hai angejitetea."

"Na watakaochimba kesho?"

"Kila mtu anajua pale pana maji, nyathina."

"Wenyeji wanajua!" Nilikuwa nimesimama, na nilikuwa nampigia kelele mzee aliyenifundisha, nyumbani kwa bintiye. "Wenyeji hawasomi. Wanaosoma ni wageni, Mwalimu. Ni wageni peke yao wanaosoma!"

Bintiye alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani. Mwalimu alikuwa akilia, machozi yakishuka upande mmoja wa uso kuliko mwingine kwa ajili ya kile kiharusi, na hakuyapangusa kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa umeshika simu. Niliketi. Nilimpangusa mimi, kwa leso yangu. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Andika," akasema mwishowe. "Sitakukataza. Lakini nikiona nitarudisha. Sitaki kukudanganya wewe pia."

Aliniombea safari, ombi refu kama kawaida yake, nikaondoka.

Tangu siku hiyo naandika kila asubuhi nikifungua saiba, kabla ya kufagia. Shimo hili lilichimbwa kuelekea mto, limejaa maji, watu wawili wamekufa hapa. Kabla ya saa sita maneno yangu yameondoka na ya mzee yamerudi. Yakirudi mapema najua Mwalimu amelala vizuri. Yakichelewa hadi alasiri najua mkono unamsumbua, na nafanya kazi nikiwa na wasiwasi mpaka yarudi. Hatupigiani simu. Nimemtetea kwa watu na nimemlaani nikiwa peke yangu, na asubuhi nikiamka bado ni mwalimu wangu. Kwa muda mfupi kila siku ukurasa ule unasema kweli, na kama yuko mgeni mahali na simu yake, namwombea asome saa hizo.

Leo niliandika saa mbili. Sasa ni saa kumi na moja jioni, na maneno yangu bado yapo. Nimeufungua ukurasa tena na tena, unafunguka mara moja, ni mwepesi kama alivyotaka. Simu iko mezani na sijampigia bintiye. Nimekaa nautazama ule ukweli umetulia pale, na sijui niombe nini.